Tangazo humlipa mwenye mlango

Tarehe 2 Septemba 2025 Jaji Amit Mehta wa mahakama ya shirikisho mjini Washington alitoa amri iliyosubiriwa kwa mwaka mzima katika kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Google. Agosti 2024 alikuwa ameshaamua kwamba kampuni hiyo inahodhi soko la utafutaji kinyume cha sheria. Kilichobaki ilikuwa adhabu. Wengi walitarajia aikataze kuwalipa watengenezaji wa simu na wa vivinjari, yaani programu za kufungulia kurasa za mtandao, ili itangulie kwenye visanduku vyao vya kutafutia. Hakukataza. Alipiga marufuku mikataba ya kumfunga mtu asishirikiane na mwingine, akaagiza baadhi ya data za utafutaji zigawiwe washindani, ila malipo yenyewe akayaacha yaendelee. Huku Dodoma, kwa vijana wanaosomea kompyuta Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) na kwa waliokwishamaliza wakabaki kuhangaika na kompyuta zao kwenye vyumba vya kupanga Makulu na Ng'ong'ona, nimeisikia habari hiyo ikitafsiriwa hivi: Firefox, kivinjari huria kinacholishwa na malipo hayo, imepona, kumbe programu huria inaishi kwa matangazo, basi na sisi tuweke.

Naona wameisoma amri hiyo kichwa chini miguu juu. Fedha za matangazo zimo kwenye programu huria, tena nyingi, lakini haziendi kwa aliyeandika msimbo, yaani maandishi yanayoifanya programu ifanye kazi. Zinaenda kwa mwenye mlango, yaani yule ambaye watu hawana budi kupita kwake ili wafike wanakokwenda. Msanidi wa Dodoma asiye na mlango akibandika matangazo ndani ya programu yake, atakuwa amewafanyia kazi wengine watatu wanne kabla hajajifanyia mwenyewe.

Kwanza tuweke maneno sawa, maana nusu ya ubishi huu inatokana na maneno. Richard Stallman, mwanzilishi wa harakati za programu huria, alipotangaza mwaka 1983 mradi wa GNU wa kujenga mfumo huria wa kompyuta, kazi kubwa aliyobaki nayo kwa miaka mingi ilikuwa kuwaeleza wenzake kwamba hazungumzii bei, kwa sababu lugha yao, Kiingereza, ina neno moja tu, "free", kwa huru na kwa bure. Sisi tunayo mawili, na la tatu, huria, tumeliongeza. Bado mtaani ukisema programu huria, mtu anasikia ya bure. Leseni ya GPL ya mradi huo, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1989, haimkatazi mtu kuuza nakala wala kuweka tangazo. Inachodai ni kwamba anayepokea programu apate na msimbo wake, pamoja na haki ya kuubadilisha na kuugawa. Kwa hiyo anayebandika tangazo kwenye programu ya GPL aliyoiandika mwenyewe hajavunja sheria yoyote. Ila ajue kwamba mtumiaji amekabidhiwa mkasi wa kulikatia tangazo hilo siku ileile aliyokabidhiwa programu.

Sasa turudi kwa Firefox, tuone fedha inavyotembea. Mtu yuko Singida, anafungua kivinjari, anaandika "bei ya mashudu ya alizeti". Firefox haina jibu. Inalipeleka swali Google. Google inarudisha majibu, na juu yake matangazo. Mtu akibofya tangazo, aliyetangaza anakatwa fedha, na sehemu yake inarudi Mozilla, shirika linalotengeneza Firefox, kwa kuwa ndiyo iliyomleta mteja. Mozilla imeishi hivyo tangu zama za Firefox ya kwanza, iliyotoka Novemba 2004. Mwaka 2014 ilihamia kwa Yahoo, mwaka 2017 ikarudi Google. Mei 2025 mkuu wake wa fedha, Eric Muhlheim, aliieleza mahakama kwamba takribani asilimia 90 ya mapato yao yanatokana na Firefox, na takribani asilimia 85 ya hayo yanatoka kwenye mkataba wa Google. Lakini tazama kilichouzwa. Msimbo wa Firefox uko wazi; unaweza kuunakili leo usiku ukiwa Chang'ombe, ukaupa jina jingine, na kivinjari chako kitafungua kurasa vilevile. Google haitakupa hata senti. Inachonunua ni ile dakika ambayo mamilioni ya watu wameanza kuandika na hawajaamua pa kwenda. Hata Apple, ambayo haina haja ya kupitisha kofia ya mchango kwa mtu, ililipwa na Google dola bilioni 20 kwa mwaka 2022 kwa ajili ya dakika hiyohiyo ndani ya kivinjari chake, Safari. Takwimu hiyo ilitoka kwenye nyaraka za kesi hii.

Safari yenyewe ina kisa ambacho ningependa kila kijana anayeota kuishi kwa matangazo akijue. Injini inayochora kurasa ndani yake inaitwa WebKit, na WebKit ilizaliwa kutokana na KHTML, msimbo ulioandikwa kuanzia miaka ya mwisho ya 1990 na watu wa KDE, mradi wa programu huria za kompyuta, wengi wao wakijitolea, kwa ajili ya kivinjari chao kiitwacho Konqueror. Apple iliuchukua, kama leseni inavyoruhusu, ikaitangaza Safari mwaka 2003. Google nayo ilipotoa Chrome mwaka 2008 iliijenga juu ya WebKit, kisha mwaka 2013 ikachepusha tawi lake na kuliita Blink. Kampuni hizo mbili zimeandika mengi tangu hapo, hilo tuwape. Hata hivyo ukoo ni mmoja. Konqueror leo ukiitaja mbele ya darasa utaulizwa ni nini, na KDE inaendelea kuishi kwa michango na wafadhili, wakati vivinjari viwili vilivyotokana na mbegu yake vimekaa kwenye mabilioni ya matangazo. Msimbo wa KDE ulikuwa mzuri; ndiyo maana ulichukuliwa. Walichokosa ni simu mikononi mwa watu.

Waliojaribu kuingiza tangazo ndani kabisa ya programu yameshawakuta. Ubuntu, mfumo huria wa kuendesha kompyuta uliojengwa juu ya Linux, katika toleo la 12.10 la Oktoba 2012, ilikuwa mtu akitafuta faili lake mwenyewe kwenye kompyuta yake, maneno aliyoandika yanapelekwa kwenye mitambo ya Canonical, kampuni inayoitengeneza, na anarudishiwa bidhaa za Amazon. Akinunua, Canonical inapata kamisheni. Stallman aliiita programu ya kijasusi. Mwaka 2016, katika toleo la 16.04, kitu hicho kilizimwa, anayekitaka akiwashe mwenyewe. Kisa cha karibu zaidi ni cha Simple Mobile Tools, kundi la programu ndogo za Android: kalenda, picha, daftari, kipiga simu. Zilipendwa kwa sababu zilikuwa safi. Mwishoni mwa 2023 ziliuzwa kwa kampuni ya ZipoApps, na watumiaji wakajua kinachofuata ni matangazo. Hawakusubiri. Mmoja wa wachangiaji alichukua msimbo uleule, akauita Fossify, akaendelea nao bila matangazo. Mnunuzi alibaki na jina na nafasi dukani, ambavyo kwa hesabu zake huenda vinatosha, lakini programu yenyewe ilishamponyoka.

Hapo ndipo inapoanguka hoja ninayoisikia mara nyingi kuliko zote. Redio, wanasema, tunasikiliza bure na inaishi kwa matangazo. Mbona programu isiwe hivyo? Kwa sababu msikilizaji wa redio hawezi kuichukua taarifa ya habari ya saa mbili usiku, akaondoa tangazo la sabuni katikati, kisha akairusha upya kwa masafa yake kihalali. Redio ina masafa, masafa yana leseni, na leseni hazigawiwi kama karanga. Redio ni mlango wenye ukuta pande zote. Programu huria ni uwanja wa wazi. Ukisimamisha bango katikati, watu watapita pembeni, na mmoja wao atachora ramani ya njia hiyo awape wengine. Anayetaka mfano wa redio atumie programu iliyofungwa. Ni uamuzi halali, ila asiuite huria.

Kuna hoja nzito zaidi, nayo sitaki kuipita haraka. Wanaotetea matangazo wanasema mkulima wa Mpwapwa hana kadi ya benki ya kulipia programu kwenye duka la mtandaoni, na hana desturi ya kumchangia msanidi asiyemjua. Tangazo ndilo njia pekee ya yeye kulipa bila kutoa kitu mfukoni. Sehemu ya kwanza ni kweli tupu. Ya pili nina shaka nayo. Nchi hii inachanga kuliko nyingi: harusi, msiba, kipaimara, kila kitu kina kamati na kadi, na mweka hazina anayepiga simu saa moja asubuhi. Tunamchangia tunayemjua na ambaye kesho atatuchangia. Tena genge la nyanya pale Majengo lina lipa namba ukutani. Kikwazo kiko kwenye maduka ya programu yaliyojengwa kwa ajili ya watu wa kadi, na kikwazo hicho hakiondoki kwa kumpa mkulima video ya sekunde thelathini. Na ile "bila kutoa kitu mfukoni" ndiyo inayonisumbua kuliko yote.

Kijana mmoja niliyewahi kumfundisha alitengeneza programu ya bei za mazao ya soko la Kibaigwa, kule Kongwa: mahindi, alizeti, karanga, kwa kilo na kwa gunia, pamoja na kikokotoo cha kumsaidia mkulima ajue dalali amemkata kiasi gani kwenye mizani. Msimbo aliuweka wazi. Baadaye akaweka matangazo ya kampuni moja ya nje. Nilikuwa naye sokoni siku mzee mmoja alipoifungua. Mzee alikuwa amekaa juu ya magunia, simu ina ufa kutoka kona hadi kona, jua la saa sita kwenye kioo. Bei haikutoka. Ilikuja video ya mchezo wa kupanga peremende. Akasubiri, akabofya alama ya kufunga, ikamrusha dukani kupakua mchezo. Akaniangalia mimi kana kwamba ndiye niliyeiandika, akasema: "Mwalimu, hiki kinakula bando langu." Akamuuliza bei kijana wa kupakia magunia, akajibiwa kwa sekunde mbili.

Tupige hesabu, ni ya mfano, lakini kila msanidi anaweza kuweka namba zake. Tuseme programu ina watumiaji 400 kwa siku, kila mmoja anaona video tatu, na maonyesho elfu moja yanalipa senti 30 za dola. Maonyesho 1,200 kwa siku yanaleta dola 0.36, kwa mwezi ni dola 10.80. Mitandao hii ya matangazo hailipi kiasi kidogo hivyo. AdMob ya Google, kwa mfano, inasubiri zifike dola 100, kwa hiyo kijana atasubiri zaidi ya miezi tisa. Kabla ya hapo kuna barua ya karatasi, naam, ya posta, inayoleta namba ya siri ya kuthibitisha anwani, na kijana wa chumba cha kupanga anaanza kuuliza nani ana sanduku la posta. Sasa geuza upande wa pili. Video moja ikila MB 2, watumiaji hao wanateketeza MB 2,400 kwa siku, MB 72,000 kwa mwezi. Tukiikadiria MB moja kwa shilingi 2 tu, wamelipa shilingi 144,000 za bando ili waonyeshwe matangazo. Kijana, kwa dola ya shilingi 2,500, amepata 27,000. Kwa kila shilingi iliyomfikia, watu wake wametoa zaidi ya tano kwa mwenye mnara. Utaniambia aweke picha ndogo badala ya video. Sawa, bando litapona, na malipo yatashuka nalo.

Halafu hachagui kinachotangazwa. Anaweza kufunga aina fulani za matangazo, lakini tangazo moja moja linakuja kwa mnada wa sekunde, na yeye analiona wakati uleule mzee wa Kibaigwa analiona. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha kidijitali bila leseni, zile ambazo mtaani tunaziita kausha damu. Mkulima aliyetoka kukatwa kwenye mizani, anayehesabu deni la mbegu, ni windo zuri mno kwa mtu wa aina hiyo. Isitoshe, vipande vya msimbo vinavyoleta matangazo hukusanya utambulisho wa simu na mara nyingine mahali ilipo, na tangu Mei 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayomtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili na awajibike. Kijana wangu hakuwa amewaza kwamba yeye ni mkusanyaji. Vipande hivyo pia vimefungwa. Haviwezi kuchanganywa na msimbo wa GPL wa mtu mwingine bila kuvunja leseni yake. Na kwa kuwa vimefungwa, F-Droid, duka la programu huria za Android, halizipokei programu zilizobeba maktaba za namna hiyo.

Walio upande wa pili, wanaoona tangazo lolote ni najisi, nao siwafuati hadi mwisho. F-Droid yenyewe haifukuzi tangazo kwa kuwa ni tangazo. Inabandika alama ya onyo, mtumiaji aamue. VLC, programu huria ya kuchezea video, ambayo huku kwetu imeshaonyesha filamu kwenye vibanda umiza visivyo na idadi, ilikuwa na mlango mkubwa ajabu, na Jean-Baptiste Kempf anayeiongoza amesema hadharani kwamba alikataa mamilioni ya euro ya watangazaji. Namheshimu. Lakini kukataa ni anasa ya mwenye cha kukataa, na msanidi anayedaiwa kodi ya miezi mitatu hahitaji hotuba ya usafi. Tunakumbuka OpenSSL: mwaka 2014, lilipogunduliwa tundu la Heartbleed, dunia ikatambua kwamba msimbo unaolinda sehemu kubwa ya miamala ya mtandaoni ulikuwa ukipokea kama dola 2,000 kwa mwaka za michango. Usafi huo nao ulikuwa na gharama, na walioilipa ni sisi sote.

Kwa mji huu swali la nani alipe lina jibu ambalo halipendezi masikioni mwa wakubwa. Dodoma ni mji wa ofisi. Mfumo wa DHIS2 unaobeba takwimu za vituo vyetu vya afya ni programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Haina tangazo hata moja, imelishwa na wafadhili, Norway ikiwemo, na Watanzania wamekuwa sehemu ya kuijenga na kuiendesha. Fikiria kisima cha kijiji hapa Ugogoni. Maji hayauzwi na mtu, lakini pampu ina spea na mlinzi ana watoto, kwa hiyo ndoo inalipiwa, na anayelipa zaidi ni mwenye ng'ombe wengi. Kwenye programu huria, mwenye ng'ombe wengi ni wizara, halmashauri, benki, shirika. Mtumba kumejaa mitambo inayoendeshwa na Linux, ambayo nayo ni huria, lakini bajeti za TEHAMA ninazozisikia zikijadiliwa zina fungu la kununua na fungu la semina. Fungu la kumlipa mtu mwaka hadi mwaka atunze msimbo ambao haukununuliwa linaonekana la ajabu, maana halina risiti ya bidhaa. Mikataba midogo ya matengenezo, ya miezi kumi na miwili, ingewalisha vijana wengi wa UDOM kuliko mabango yote ya peremende. Wakaguzi wataulizia, ndiyo, waulizie.

Kijana wa Kibaigwa aliyatoa matangazo. Alichogundua, kwa kuhesabu mwenyewe wala si kwa kufundishwa na mimi, ni kwamba msimbo wake mtu yeyote angeweza kuunakili, lakini bei za asubuhi hakuna ambaye angezipata bila kuamka saa kumi na moja, kuzunguka magala na kuwauliza watu wanaomwamini. Huo ndio mlango wake, mdogo lakini ni wake. Akauza mstari mmoja wa maandishi chini ya bei, bila picha wala ufuatiliaji, kwa mwenye duka la pembejeo pale barabarani, anayelipa kwa lipa namba kila mwisho wa mwezi kiasi kinachozidi zile 27,000 mara mbili. Mzee wa magunia amerudi kuitumia. Mwezi wa tatu mwenye duka, ambaye naye ananunua mahindi, aliomba bei ya ghala lake iwe ya kwanza kwenye orodha, hata siku ambayo si nzuri kuliko nyingine. Akasema, kwa upole, kwamba vinginevyo atatafakari upya udhamini. Kijana alinipigia kuniuliza afanyeje. Nikamsomea ile asilimia 85 ya Mozilla. Akanyamaza, kisha akaniuliza kama ninamfahamu mwenye duka mwingine.